Siku nane Kuala Lumpur kwa hela ya kudunduliza: minara mtaiona tu, mimi nawaletea mengine

#1 Nahodha wa Nchi Kavu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu niliuahidi tangu mwaka jana nikawa napiga chenga. Leo mvua imenifungia ndani hapa Tanga, umeme upo, kahawa ipo, sina kisingizio.

Nilikwenda Kuala Lumpur siku nane. Hapakuwa na semina wala mkutano wa shirika, na hakuna mjomba aliyenialika. Nilikwenda kutembea tu, kwa hela niliyodunduliza miaka miwili. Nalisema mapema kwa sababu nawajua, swali la kwanza humu huwa "nani kakulipia".

Nikiri kosa kabla sijasifia kitu. Mimi nilifuata minara ya Petronas. Tangu sekondari nilikuwa na kalenda yenye picha ya ile minara juu ya kitanda, kwa hiyo nikaitengea siku mbili nzima. Nimefika, nimetazama juu mpaka shingo ikauma: mita 452, ghorofa 88, na lile daraja la kuunganisha minara kwenye ghorofa ya 41 na 42. Kazi ya watu, sikatai. Nikapiga picha, jamaa mmoja akaniuzia kilenzi cha kubana kwenye simu ili minara yote iingie (kimekufa kabla sijafika hotelini), nikakaa bustanini nyuma kutazama chemchemi zikicheza na taa. Muda wa mechi moja na nyongeza zake, kazi imekwisha. Nikabaki na siku moja na nusu ya minara mkononi na sina la kuifanyia.

Njaa ndiyo iliyoniokoa. Niliingia kwenye mgahawa wa mamak. Mamak ni Waislamu wenye asili ya India, wengi wao Watamil, na migahawa yao mingi haifungwi usiku kucha. Nikaona mtu anazungusha donge la unga hewani mpaka linakuwa jepesi kama shuka, analikunja, analitupa kwenye chuma cha moto. Linaitwa roti canai. Wakuu, ile ni chapati. Ni chapati yetu iliyokwenda masomoni ikarudi na cheti. Inaletwa na mchuzi wa dengu, unachovya kwa mkono wa kulia, hakuna anayekushangaa.

Chai yao sasa. Teh tarik, yaani chai ya kuvuta: majani makali, maziwa mazito ya kopo, halafu anaimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile kwa urefu wa mikono miwili mpaka itoe povu. Roti na chai havikufika ringgit tano. Ringgit moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 600 zetu, pigeni hesabu wenyewe.

Meza ya kushoto kwangu wazee wa Kichina watatu. Kulia familia ya Kimalay na mtoto aliyelala juu ya meza. Mhudumu Mtamil. Ukutani runinga, mpira wa Uingereza, na wote wanamlaani refa mmoja kwa lugha tatu. Mhudumu akanigeukia: "Bosi, tambah?" Nikuongezee? Nikasema ongeza. Pale ndipo safari yangu ilipoanza.

Naendelea baadaye, ugali umeiva.

#2 Kisusio

Uzi wa safari bila picha ni risala.

#3 Mpiga Kasia

Tuko hapa na mikeka, endelea kiongozi.

#4 mama_wawili

Kaka Nahodha, hongera. Mimi na mume wangu tunawaza kupeleka watoto Desemba, wa kwanza ana miaka tisa, mdogo minne. Nieleze vitu vya mama: usafiri, maji, chakula cha watoto, choo. Minara wameshaiona kwenye katuni.

#5 Nahodha wa Nchi Kavu

Dada mama_wawili, umeuliza ya maana kuliko wote humu.

Kabla hujatoka: kuna kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni, inaitwa MDAC, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kutua, na ni bure. Ukikutana na tovuti inayokudai hela, hao ni wajanja, toka mbio. Beba kadi ya njano ya kila mtu, mimi niliulizwa yangu. Viza angalia tovuti ya Uhamiaji wa Malaysia kwa pasipoti yako, usimsikilize mtu wa humu, hata mimi.

Uwanja wa ndege uko Sepang, mbali na mji, zaidi ya kilomita 50. Kuna treni ya moja kwa moja, KLIA Ekspres, dakika 28 mpaka KL Sentral, kituo kikuu cha treni mjini, ila ni ringgit 55 kwa mtu mzima. Mimi nilipanda basi, karibu robo ya bei hiyo, saa moja na kitu. Mkiwa wanne na mizigo, Grab inaweza kuwashinda wote wawili. Grab ndiyo Bolt yao.

Mjini nunua kadi ya Touch 'n Go, unaijaza hela unagusa getini: treni za juu, za chini, ile ya reli moja, mabasi. Treni ya Komuter ina mabehewa ya waridi ya wanawake tu. Nayajua vizuri kwa sababu niliingia humo na begi langu mgongoni, nikakaa vituo viwili najiuliza mbona leo natazamwa hivi, mpaka bibi mmoja akaninyooshea kidole kibandiko cha dirishani. Nilishuka kituo ambacho hakikuwa changu.

Chaja zenu zitaingia bila kiunganishi, plagi zao ni zile za pini tatu kama zetu. Magari yanapita kushoto kama kwetu, watoto hawatachanganyikiwa barabarani. Choo kina mpira wa maji pembeni, nadhani nimekuelewa ulichokuwa unauliza.

Hotelini utaongezewa kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, ni ya serikali, usigombane na mtu wa mapokezi. Nami niligombana.

Mvua: inakuja alasiri, haipigi hodi. Mambo ya nje fanya asubuhi.

#6 Mzee wa Hoja

Mimi swali langu ni moja. Wakati unashuka na ndege uliona michikichi? Maana hawa ndio waliokuja Kigoma miaka ile wakachukua mbegu za mawese, leo wanatuuzia mafuta. Mtu anakwenda kutalii kwa mwizi wake.

#7 Nahodha wa Nchi Kavu

Nilijua utakuja mzee wangu. Niliiona, mashamba hayaishi, mistari imenyooka kama imechorwa kwa rula mpaka karibu na njia ya kurukia.

Ila hadithi ya Kigoma naomba tuiache ipumzike. Mchikichi asili yake Afrika Magharibi. Waholanzi walipanda miche minne kwenye bustani ya Bogor, kule Java, mwaka 1848, na kizazi cha miche ile ndicho kilichosambaa. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilianzishwa mwaka 1917 hapohapo Selangor, jimbo linaloizunguka Kuala Lumpur, na Mfaransa, Henri Fauconnier. Mwaka 1917 Kigoma ilikuwa ndiyo kwanza imeponyoka kwa Mjerumani. Nani angekuja kuchukua mbegu?

#8 Mzee wa Hoja

Babu yangu alituambia.

#9 Kisusio

Babu yako alikuwa Tabora, umeshawahi kuandika humuhumu.

#10 Chuo Gombak

Nahodha umenirudisha mbali. Mimi nilisoma pale Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, Gombak, miaka minne. Wazanzibari na Wabara tulikuwa wengi tu.

Uliwaambia habari ya lugha? Siku ya kwanza nimefika bwenini, mlinzi ananiambia "Apa khabar?" Nikajibu "Nzuri" bila kufikiri. Naye akajibu "Baik" bila kufikiri. Tukapita.

#11 Nahodha wa Nchi Kavu

Hahaha, hapo umenigusa mkuu, nilikuwa nimejiwekea.

Wakuu, kaeni vizuri. Habari kwao ni khabar. Sabuni ni sabun. Karatasi ni kertas. Dunia ni dunia. Sababu ni sebab, wakati ni waktu, hakimu ni hakim, Ijumaa ni Jumaat. Hayo ni ya Waarabu, yanaeleweka. Sasa shikeni haya: meza ni meja. Bendera ni bendera. Nanasi ni nanas. Nilisimama Uwanja wa Merdeka chini ya mlingoti mrefu kupita kiasi, mzee mmoja ananionyesha juu anasema "bendera", nami nasema "bendera", tunacheka kama tumefahamiana tangu utotoni. Meza na bendera tuliletewa na Mreno yuleyule. Alipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, akaingia Malaka mwaka 1511. Katuachia fenicha na kitambaa.

Msije mkajidai mnajua, lakini. Nilikwenda kwa mama anayeuza chakula Kampung Baru, nikamwita mhudumu wake, kijana wa ndevu kabisa, "kaka!" Mgahawa mzima ukageuka. Kwao kakak ni dada mkubwa. Kaka ni abang. Nikataka kujitetea kwa kuagiza kuku, nikasema "kuku" huku naonyesha kwenye kabati la kioo. Kuku kwao ni ukucha wa kidole. Kuku wa kula ni ayam. Yule kijana akatazama kucha zangu, akatazama zake. Na msiongeze neno "dada" kwenye hiyo sentensi, dada kwao ni kifua.

#12 mama_wawili

Nimecheka mpaka mume wangu amekuja kuchungulia simu.

#13 Mwana wa Mkunazini

Nahodha, ahsante sana. Mie sijafika huko lakini bibi yangu alikuwa akitwambia, ngalawa yetu hii na matengo yake ina jamaa zake Bahari ya Hindi upande wa pili. Na Wamalagasi hapa jirani lugha yao ni ya ukoo huohuo wa Kimalay. Wamevuka bahari nzima. Hebu nambie, kwenye kula kuna nazi?

#14 Nahodha wa Nchi Kavu

Sheikh wangu, kuna nazi mpaka utashangaa mnazi unapumzika saa ngapi.

Chakula cha asubuhi cha taifa zima kinaitwa nasi lemak. Ni wali wa nazi. Umepikwa na jani la rampe, lile lile wanawake wa kwetu wanalotia kwenye vikuba. Pembeni wanaweka dagaa wa kukaanga wakavu, karanga, yai, vipande vya tango, na pilipili ya kusaga iliyokaangwa ikakolea, sambal. Unafungiwa kwenye jani la mgomba kama pembetatu, ringgit mbili tatu, unakula umesimama. Mtu wa Tanga kula wali wa nazi na dagaa saa moja asubuhi halafu kuambiwa ni utalii! Nilikula siku saba kati ya nane. Siku ya nane duka lilifungwa.

Jioni mishikaki, satay, vijiti vidogo vya kuku au ng'ombe, rojo ya karanga badala ya ukwaju. Vitamu vyao vidogo vinaitwa kuih, vingi ni unga wa mchele, nazi na sukari ya mnazi. Nilipewa kimoja nikafumba macho nikasema hiki kina uhusiano na vibibi. Sina ushahidi wa mahakamani.

Ukienda Brickfields, mtaa wa Wahindi nyuma ya KL Sentral, unawekewa jani zima la mgomba mezani, wali katikati, mboga tatu nne zinazungushwa bila malipo ya nyongeza, na ukimaliza unalikunja jani kuelekea kwako, ndiyo shukrani. Mimi nililikunja kuelekea upande wa pili. Mzee aliyekuwa akigawa wali aliniuliza kama pilipili imeniudhi.

Kwa Waislamu: usikae mahali kwa sababu tu nchi ni ya Kiislamu. Jalan Alor, ule mtaa wa chakula wa usiku ambao kila mtalii anaelekezwa, sehemu kubwa ni ya Wachina na nguruwe yupo. Ukiona bak kut teh kwenye orodha, ni yeye. Tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara yao ya serikali ya mambo ya Kiislamu, au uliza tu, hawakasiriki.

Na durian. Kwenye hoteli kuna kibandiko kimechorwa tunda limepigwa mstari mwekundu kama sigara. Nikadhani ni utani. Nikanunua kipande barabarani. Harufu ni ya gesi iliyovuja kwenye chumba chenye vitunguu vilivyooza. Ladha ni tamu. Sijawahi kugombana na pua yangu namna ile.

#15 Kipepeo wa Kisauni

Kutoka Mombasa hapa, naomba niulize bila kuudhi mtu. Mnasema Wachina, Wahindi, Wamalay wanakaa meza moja. Kweli hii ama ni ya watalii? Sisi huku twajua mtu anaweza kula kwako leo na kura ikifika akakununia.

#16 Chuo Gombak

Dada wa Mombasa umeuliza swali ambalo Nahodha kwa siku nane hakuweza kuliona, si kosa lake.

Wanakaa mgahawa mmoja, meza moja ni mara chache kuliko unavyodhani. Mji wenyewe ulianza mwaka 1857, wachimba bati wa Kichina walipopanda mto Klang kwenda Ampang wakashukia pale unapokutana na Gombak. Kuala Lumpur maana yake ni makutano yenye tope. Watamil waliletwa na Mwingereza kwa kazi za reli na mashamba ya mpira, Brickfields palikuwa matanuri ya matofali na karakana za reli. Wamalay Mwingereza akawatengea Kampung Baru mwaka 1900 wakae kama wakulima. Kila mmoja alipewa kazi yake na mtaa wake. Hiyo haifutiki kwa chapati.

Tarehe 13 Mei 1969, siku chache baada ya uchaguzi, mji huohuo uliwaka. Watu waliuawa, bunge likasimamishwa. Mwaka 1971 ikaja sera mpya ya uchumi ya kuwainua Wamalay na wenyeji wengine, bumiputera, na upendeleo wake upo mpaka leo, hata nyumba mpya wao wana punguzo. Mchina rafiki yangu darasani alikuwa akiniambia hilo kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu chumbani. Rafiki yangu Mmalay naye aliniuliza, "Kwani bila hiyo sera, baba yangu mvuvi angenisomesha?" Wote wawili niliwaelewa. Shule za msingi za serikali zipo za Kimalay, za Kichina na za Kitamil, mtoto anaweza kufika miaka kumi na miwili hajawahi kucheza na wa kabila lingine.

Lakini pia niseme: siku ya Deepavali jirani Mtamil alitugongea mlango na sinia. Mwaka Mpya wa Kichina tulipewa machungwa. Idi tulifungua mlango wazi, wakaingia watu wasiotujua, wakala, wakaondoka. Wanaiita rumah terbuka, nyumba iliyo wazi. Hiyo nayo ni kweli, haikuwekwa kwa ajili ya mtalii.

#17 Mpiga Kasia

Na sisi weusi je? Semeni ukweli.

#18 Chuo Gombak

Ukweli: nilitafuta chumba cha kupanga mwaka wa pili, nikapiga simu, sauti yangu wakaikubali, nilipofika mwenye nyumba akatazama uso akasema chumba kimechukuliwa. Mara tatu. Kuna matangazo yalikuwa yanaandika wazi kabisa kwamba Mwafrika asipige. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha mwisho kujaa. Kwa mtalii wa wiki moja hali ni tofauti, una hela na unaondoka.

#19 Nahodha wa Nchi Kavu

Siwezi kumbishia aliyeishi. Mimi nilipata mara moja tu, dereva alifika, akanitazama, akaghairi safari palepale huku nimeshika kitasa. Aliyekuja baada yake alinipa peremende na akataka nimfundishe salamu. Nikamfundisha "Apa khabar" kwa matamshi ya Tanga.

Swali la dada Kipepeo limenikumbusha mtaa ambao mtu asikose, Jalan Tun H S Lee, ubavuni mwa Petaling Street. Kuna hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, la mwaka 1873, lango lake limejaa miungu ya rangi kama soko la kanga. Hatua chache upande wa pili hekalu la Kichina la Guan Di, moshi wa ubani mpaka barabarani. Ukitembea kidogo unafika makutano ya ile mito miwili ya tope, na kwenye ncha yake Masjid Jamek, wa mwaka 1909, ulichorwa na Mwingereza, Arthur Benison Hubback, aliyeiga India. Nilitoka kuvua viatu sehemu moja nikavua ya pili nikavua ya tatu. Mpaka jioni soksi zilikuwa hazina heshima.

Nilisali Magharibi hapo. Jua lao linachelewa, adhana ya Magharibi ni karibu saa moja na nusu usiku, na Alfajiri karibu saa kumi na mbili. Mwaka 1982 walisogeza saa zao mbele ili bara lilingane na Sabah na Sarawak, jua halikuambiwa. Wanaume wengi walikuja na kain pelikat kiunoni. Nilitazama nikaona kikoi. Aliyekuwa pembeni yangu alitazama kofia yangu ya vito akaniuliza naiuza bei gani. Nikamwambia haiuzwi, mke wangu kaishona miezi mitatu. Akasema basi mke wangu ni fundi. Ujumbe nimeufikisha.

#20 mama_wawili

Kaka, mapango yale yenye ngazi za rangi yanafaa kwa mtoto wa miaka minne?

#21 Nahodha wa Nchi Kavu

Batu Caves. Yanafaa, ila nenda saa moja asubuhi. Ngazi ni 272, zilipakwa zile rangi mwaka 2018, chini imesimama sanamu ya dhahabu ya Murugan, mungu wa Kihindu, mita 42 na ushee. Treni ya Komuter kutoka KL Sentral inaishia palepale, na pango kubwa halina kiingilio. Magoti yafunikwe, mwanamke asiyefunika anakodishiwa saruni pale chini.

Tatizo ni nyani, wale wadogo wa mkia mrefu. Usipande na mfuko wa nailoni, wao nailoni ni chakula. Mimi nilinyang'anywa soda mkononi. Mnyama akaketi kwenye ukuta, akang'ata chupa kwa ubavuni, akanywa huku ananitazama. Wakati huo akina mama wa Kitamil wananipita peku, ngazi zote zile, na dumu la maziwa ya nadhiri kichwani. Nikaona aibu kulilia soda.

Kwa watoto ongeza Jumba la Sanaa za Kiislamu karibu na Msikiti wa Taifa. Kuna vielelezo vidogo vya misikiti ya dunia, wangu wangekaa hapo mpaka kufunga. Msikitini kwenyewe wageni wanapewa majoho ya zambarau, saa za sala hawaingizwi.

#22 Fundi Saa

Mimi nina swali la kihandisi. Mji wa mvua kila siku na mito miwili katikati, mafuriko wanafanyaje? Sisi Jangwani ikinyesha saa mbili tu tunapiga picha za mabasi yanayoogelea.

#23 Nahodha wa Nchi Kavu

Fundi, hiki kitu kiliniuma. Wana handaki linaitwa SMART, limefunguliwa mwaka 2007, karibu kilomita kumi. Siku za kawaida sehemu ya juu yake inapita magari. Mvua ikizidi wanayatoa magari, wanafunga milango, handaki zima linakuwa mto wa kukwepesha maji yasifike katikati ya mji. Halafu wanaosha, magari yanarudi. Mafuriko bado wanayapata sehemu nyingine, msidhani wamemaliza. Dereva aliponieleza nilikaa kimya mpaka tunafika, akadhani nimechukia bei.

#24 Mzee wa Hoja

Hela ya mawese hiyo.

#25 Mwana wa Mkunazini

Nahodha, kama ungerejea kwa siku moja tu, ungekwenda wapi?

#26 Nahodha wa Nchi Kavu

Kampung Baru saa kumi na moja jioni. Nyumba za mbao zimeinuliwa juu ya nguzo, majogoo, minazi, migomba, nguo kwenye kamba, na nyuma yake minara ya Petronas kama imebandikwa. Ardhi ile ina bei ya kutisha, wajenzi wanaizungukia kama kunguru, na warithi wengi hawajakubaliana. Mzee mmoja alikuwa barazani anamenya vitunguu hana habari.

Kutoka hapo kuna daraja la waenda kwa miguu, Saloma, limefunguliwa mwaka 2020, linavuka mto na barabara kuu mpaka upande wa minara. Usiku linawaka rangi. Umbo lake wamelichukua kwenye sirih junjung, mapambo ya majani ya tambuu wanayobeba harusini. Tambuu, sheikh. Nilisimama katikati ya daraja nikawaza shangazi zangu na sinia zao za harusi. Hapo ndipo ilipo picha yangu moja ambayo haikuharibika, Kisusio, na siiweki kwa sababu nimefumba macho.

#27 Kisusio

Iweke hivyohivyo.

#28 mama_wawili

Natoa mrejesho jamani, tumerudi Jumapili. Kadi za njano waliziangalia. Mdogo alipanda ngazi 190, nilizihesabu, zilizobaki nilimbeba mimi. Nyani walichukua kofia ya baba yao, sijui waliipeleka wapi. Mkubwa sasa kila asubuhi anadai wali wa nazi na dagaa, nikamwambia hiki kitu bibi yako anakupikia tangu uzaliwe ulikuwa unakikataa.

Mume wangu, pamoja na kusoma uzi huu wote, alimwita mhudumu "kaka". Mara mbili. Mgahawa uleule.

Kadi ya Touch 'n Go imebaki na ringgit nane na senti kadhaa. Nipo Tabata, anayeondoka karibuni aje kuichukua.